Waraka wa Kusimama na Wimbo wa Sajini Saadi

Kwa jina la Mola, aliyeipa shaba sauti na wanadamu kamati, naanza.

Umma ufahamu kuwa mwaka 1983 Kamati ya Heshima za Gwaride, Nachingwea, ilikomesha rasmi tabia ya kuketi ovyo. Kwenye kila gwaride mbele alikuwepo Ndugu Filbert, mwenyekiti, mwenye waraka. Akafuatia Sajini Saadi, mkuu wa bendi ya jeshi, mwenye kifimbo. Kisha matarumbeta kumi na mawili. Wananchi walipangwa mwisho, palipobaki nafasi.

Katika miaka ishirini na miwili Saadi alitunga nyimbo kumi na moja, na kila mmoja Ndugu Filbert aliukata kwenye dakika ya kwanza: "Inatosha, Afande." Sasa Saadi alikuwa amekaribia kustaafu. Alitamani jambo moja tu: wimbo wa kumi na mbili, aliomtungia marehemu mkewe Sabaha, usikike wote, dakika tisa. Kwenye fomu ya kuomba kibali cha kamati aliuandika "Mwendo wa Ubanguaji Bora wa Korosho", ukapitishwa papo hapo.

Ndipo ukatoka waraka: bendi ipige hadi mgeni rasmi aketi, na mtu yeyote asiketi bendi ikipiga. Saadi aliusoma mara tatu, akaubusu.

Siku ya mwisho ya Saadi kazini mgeni rasmi, Ndugu Filbert mwenyewe, alifungua ghala Ruangwa. Bendi ikaanza wimbo wa kumi na mbili. Umati ukasimama wima. Dakika ikapita.

"Inatosha, Afande!" alinong'ona Ndugu Filbert, jasho likimchuruzika.

"Keti, Ndugu Mwenyekiti, nami ninyamaze."

"Nitaketije muziki unapigwa?"

"Nami nitanyamazaje nawe umesimama?"

"Nakuamuru!"

"Kifungu cha tatu cha waraka, Ndugu. Amri ya kunyamazisha itolewe na mtu aliyeketi. Saini ni yako."

Akatafutwa mtu aliyeketi. Akapatikana mmoja: Bibi Moza wa Nambilanje, juu ya gunia la ufuta, kwa kuwa goti lake halikusomewa waraka.

"Bibi!" Ndugu Filbert akapaza sauti. "Sema inatosha!"

"Mwanangu, una haraka ya wapi? Afande, wimbo wa nani huu?"

"Wa mke wangu, Bibi. Sabaha." Saadi akaendelea kupunga kifimbo. "Haujafika hata nusu."

"Basi upigeni wote," akasema Bibi Moza, akinyoosha mguu. "Halafu mrudie. Mwanzoni nilikuwa naongea."

Mola amrehemu Sabaha, na awape nguvu za magoti wote waliosalia wamesimama, Ndugu Filbert wa kwanza. Amina.