Mikono ya Wenye Stima

Jumatatu, 12 Mei 2025
Fursa! Mwalimu mkuu, Bwana Nehemiah, ameniita ofisini. Gredi ya tisa imefurika. Kila mzazi anayehamia hapa Kitale kutoka Webuye, Misikhu au Saboti anatuletea mtoto wake. Ameagiza nigawanye upya mikondo miwili: Mashariki yangu na Magharibi ya Madam Phelista. Mkondo utakaoongoza mtihani wa mwisho wa mwezi utaenda Bungoma kutembelea shule rafiki, pamoja na mwalimu wake. Phelista ameongoza mara zote tangu aje. Safari hii, hapana. Nikajiambia: Gathii, tumia kichwa!

Jumanne, 13 Mei
Nimekitumia. Mtoto mwenye stima kwao, yaani umeme, husoma usiku. Asiye nayo hulala na kuku. Nikawakusanya wote uwanjani, nikasema mwenye stima nyumbani ainue mkono. Walioinua, kwangu. Wasioinua, kwa Phelista.

Chelagat hakuinua. Kwao ni mtaa wa mabanda. Ndiye aliyekuwa akibaki darasani mwangu saa ya chakula, akiwaeleza wenzake hesabu nilizofundisha, kwa Kiswahili, kwa Kisabaoti, kwa Sheng. Nilisita kidogo. Lakini kanuni ni kanuni.

Akipita na dawati lake alisimama, akaniuliza, "Mwalimu, kwani nilikosea nini?" Nikamwambia hakukosea, ni mpango wa shule. Akasema sawa. Sikuipenda ile sawa.

Jumatano, 21 Mei
Balaa! Mama Dancan, mke wa afisa wa kaunti, amekuja na gari lake kuuliza taa za sola zitagawanywa lini. Taa gani? Ati Dancan alimwambia mwalimu ametafuta wasio na stima. Mwaka jana shirika fulani liliuliza vivyo hivyo, na walioacha mikono chini wakapewa taa. Kumbe watoto wa maafisa walificha mikono makusudi!

Na hawa wangu je? Nikamvuta Sifuna kando, nikamwuliza kama kwao kuna stima. Akatazama viatu. Akasema hakuna, ila aliona haya mbele ya wanafunzi wageni. Karibu mkondo mzima uliinua mikono kwa haya. Niliwatazama, nikasikia uchungu. Mimi mwenyewe nilisomea taa ya koroboi, na sijawahi kumwambia mtu.

Nikamwendea Phelista anirudishie angalau Chelagat. Akacheka, akasema si ni mimi nilipanga, bana, leo ninamlilia mtu niliyemfukuza mwenyewe?

Ijumaa, 30 Mei
Matokeo. Magharibi wa kwanza, tena kwa mbali. Mashariki tumeshuka kuliko muhula uliopita. Sifuna aliacha nusu ya karatasi ya hesabu. Nilipomwuliza kwa nini, akasema siku hizi hakuna wa kuwaeleza. Na mimi ninayesimama mbele yao kila asubuhi ni nani? Imeniuma.

Jumamosi, 31 Mei
Basi limeondoka kwenda Bungoma. Phelista mbele, miwani ya jua, kama waziri. Chelagat alikaa dirishani, sweta imefuliwa ikatakata. Aliponiona akanipungia mkono. Hana kinyongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilibaki langoni hadi vumbi likatulia.

Nimetafakari mchana kutwa. Nimekiri kosa langu, na ni zito. Niliwaacha waonane! Muhula ujao nitawauliza tena, wakiwa wamefumba macho.