Gando Lililoangalia Juu

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wewe uliyeokota shajara hii, nakusihi: usimsomee mtu hata neno moja. Hasa Sharon.
Nimechoka. Daktari Mbithe, mtafiti wa viumbe wa baharini, ametuletea kwenye maabara yetu hapa Voi, mji unaosubiri hata maji ya bomba, kamba wa baharini ndani ya chupa ya spiriti. Mdogo kuliko punje ya mchele. Alikuwa akiishi kwenye matumbawe laini, ambayo Daktari ameyaleta pia. Daktari anasema huenda ni jenasi mpya kabisa, yaani kundi la viumbe ambalo sayansi haijawahi kuliandika. Yuko huyo mmoja tu.
Mikataba yetu, mimi na Sharon, inaisha mwezi huu. Atabaki karani mmoja. Nikaamua kumpiga kamba picha kabla ya Sharon. Nimemgeuza kwa kibano. Gando kubwa limekatika. Mungu wangu!

Jumanne, 10 Juni
Nimeomba gundi kwa Philemon, fundi viatu wa stendi. Akauliza kiatu kiko wapi. Nikasema ni kidogo sana.
Gando limeshika. Lilikuwa likiangalia chini. Sasa linaangalia juu.

Jumatano, 11 Juni
Daktari ameinama kwenye hadubini, akapiga kelele. Gando la namna hii hajaliona popote! Jenasi mpya, hana shaka tena. Akaniambia, kijana, una mkono mwepesi. Sharon akauliza tangu lini, maana juzi nilivunja kikombe chake nikikiosha. Wivu.
Makala ya kumtangaza inatumwa Ijumaa.

Alhamisi, 12 Juni
Sharon amepekua matumbawe yaliyobaki. Amepata kamba wa pili, kajificha kwenye mkunjo. Gando linaangalia chini!
Daktari akasema kesho atawalinganisha, na kama kuna mtu amechezea sampuli, aanze kufunga mizigo. Nilitaka kusema kweli. Nikafungua mdomo. Nikaomba ruhusa ya kwenda choo.

Ijumaa, 13 Juni
Daktari yuko mkutanoni Wundanyi, anarudi saa nane. Sharon ameenda kununua chapati. Nimefikiri kwa makini, kama tulivyofundishwa shule. Wakifanana, kasoro iko wapi?
Nimemkata wa pili gando, nikaligeuza liangalie juu. Safari hii nimeweka gundi nyingi, lisije likakatika lenyewe kama la kwanza.
Ukitaka kunipata, niko stoo, mlango wa pili baada ya choo. Gonga polepole. Usipige simu, siwezi kupokea. Mkono wa kulia unaandika. Wa kushoto umegandana na jenasi mpya.