Unachokisikia Ndicho Unachokibeba

Mjini palipozuka ugonjwa wa santuri, Masikio alikuwa wa kwanza kuuona, na wa kwanza kuamua kwamba dawa anayo yeye.

Ugonjwa wenyewe ulianza hivi hivi tu. Mtu mmoja alikuwa anahamisha vitu vya marehemu baba yake, akakuta boksi la santuri chini ya kitanda, akalipiga picha, akaitupia mtandaoni. Kesho yake mji mzima uko chini ya vitanda. Watu wazima wenye vyeo vyao walitambaa kwa magoti, tochi mdomoni, wakitafuta za baba zao. Santuri zikapatikana, tena nyingi. Kilichokosekana ni mashine ya kuzipigia. Za zamani walishawauzia wanunuzi wa vyuma chakavu wakaona wameula, na mpya madukani ukiuliza bei unatoka bila kuaga.

Masikio alikuwa kwa kinyozi akisubiri zamu yake, alipowasikia wateja wawili wakilalamika.

"Nataka ya bei nafuu tu ya kuwekea spika zangu za sebuleni," mmoja alisema. "Lakini nitaijuaje nzuri? Zote zinazunguka."

"Hapo anatakiwa mtu mwenye sikio," mwenzake akajibu.

Masikio aliinuka akaondoka bila kunyolewa. Tangu shule alitaniwa kwa masikio yake, makubwa, yaliyokaa kichwani kama vipini vya sufuria. Miaka yote hiyo hakujua yana kazi gani. Sasa alijua, na alitembea barabarani ameyatanguliza mbele kama mtu aliyepandishwa cheo.

Wiki haikuisha, amepanga chumba kati ya fundi cherehani na muuza vocha. Akatandika zulia, akatundika pazia jekundu, akaweka spika mbili ndefu za kuazima. Juu ya mlango akabandika kibao: UNACHOKISIKIA NDICHO UNACHOKIBEBA. Mezani akapanga mashine zake za kuuza, za plastiki tupu, zenye taa za rangi pembeni, nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya zinahama. Sindano zake zilikwaruza santuri kwa sauti ya mtu anayekwangua ukoko.

Lakini wateja hawakuisikia sauti hiyo dukani. Nyuma ya pazia, juu ya kabati, ilikaa mashine nyingine, ya mbao nzito, sahani ya chuma, mkono uliotulia. Hiyo ndiyo iliyounganishwa na spika, kwa waya uliopita chini ya zulia. Mteja aliona plastiki ikizunguka, akasikia mbao ikiimba.

Mashine hiyo Masikio hakuinunua. Ililetwa na kijana mmoja mrefu, mpole, wa maneno machache. Ni ya nyumbani kwao, alisema, ya marehemu baba, na imegoma kuzunguka. Mama yake amesafiri kumuuguza dada yake, na yeye anataka mama akirudi aikute inaimba. Masikio aliifungua, akaona mkanda wa mpira umekatika, kazi isiyozidi muda wa kunywa kikombe cha chai. Akaifunika taratibu. Akavua kofia.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Imefariki."

Kijana akaiacha hapo hapo na huzuni yake. Siku chache baadaye alirudi kuulizia kibarua, akaikuta maiti inazunguka.

"Nimeifufua kwa vipuri vyangu," Masikio alimwambia bila kupepesa macho. "Kwa hiyo roho iliyomo sasa ni yangu mimi."

Kijana akaitazama mashine, akamtazama Masikio, akanyamaza. Masikio alipenda sana kule kunyamaza. Akampa kazi papo hapo, na jina juu yake: Kimya.

Kazi ya Kimya ilikuwa kukaa nyuma ya pazia na kusikiliza maneno mawili. Masikio akisema "haya", ashushe sindano. Akisema "basi", ainue. Santuri za majaribio zilikuwa mbili zinazofanana, moja mbele, moja nyuma, na maneno hayo ni ya kawaida mno kumshtua mteja. Ubaya wake ni kwamba hakuna anayeweza kuongea Kiswahili kwa dakika mbili bila kuyatamka. Mara ya kwanza Masikio alipomuaga mteja kwa "haya, karibu tena," duka lote lililipuka kwa tarumbeta, ikabidi aeleze kwamba mashine imefurahi.

Wa kwanza kuingia mkenge alikuwa mhasibu mmoja, mkono wa birika asiye na mfano.

"Nataka inayopiga kama za matajiri," alisema, "lakini kwa bei ya mtu wa kawaida."

"Mtu wa kawaida kama mimi na wewe?"

"Wa chini kidogo."

Masikio akamkalisha. "Bosi, mashine nafuu huchaguliwa kama mchumba. Usitazame taa. Tazama mkono: ukitetemeka, achana naye. Tazama sindano: ikiwa nzito itaila santuri yako mpaka ibaki nyeupe. Iweke mahali palipo sawa, mbali na spika. Mwisho, funga macho usikilize."

Na yote hayo ni kweli tupu, kwa sababu Masikio hakuwa mtu wa kudanganya hovyo. Alidanganya mahali pamoja tu, pale penye faida.

"Haya," akasema.

Mhasibu alifumba macho. Sauti ikamjaa kifuani, akamkumbuka marehemu baba yake, akatoa pochi kabla ya "basi".

Siku ya tatu alirudi amevimba. "Nyumbani inakoroma!"

"Kuta zako ni za rangi gani?"

"Kijani."

"Aaa!" Masikio alimshika bega kwa huruma. "Kijani inakunywa besi, bosi wangu. Ungeniambia mapema."

Mhasibu akaenda kununua rangi nyeupe. Mwalimu mstaafu, aliyepigwa wiki ile ile, aliambiwa tatizo lake ni makochi, akayatoa nje, sasa familia inakaa chini kwenye mkeka na mashine bado inakoroma. Biashara ilinoga. Kimya akiulizia ujira wake alijibiwa "kesho", na Masikio alishaanza kuota duka la pili, kwa sababu plastiki zinapatikana kila mahali na mbao ile inatosha wote. Akifunga duka aliifuta mashine kwa kitambaa laini, akaipigapiga mgongoni. Aliipenda kweli. Bila hiyo, alijua, anabaki na masikio tu.

Mchana mmoja akaingia mama wa makamo, kitambaa kichwani, mkoba mkubwa kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Eh?"

"Shikamoo!"

"Moyo? Moyo mzima, mwanangu. Masikio ndiyo yamenikimbia."

Masikio nusura acheke kwa sauti. Kiziwi, anakuja kununua mashine ya muziki! Alimkalisha, kisha akaligeukia pazia na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kimya, leo tumeletewa zawadi. Huyu hata nikimfungia sufuria na mfuniko wake, ataondoka nayo anacheza."

Nyuma ya pazia mtu alikohoa. Mama alikuwa anatabasamu, akizitazama taa za rangi.

"Nataka ya bei nafuu, mwanangu," akasema. "Mimi na mume wangu tulikuwa tunasikiliza kila jioni. Yeye hayupo, na mashine yetu sina tena. Nimechoka kukaa kimya." Aliposema hivyo sauti ilimpungua kidogo. Kisha akanyoosha kidole juu. "Hapo mlangoni pameandikwaje? Macho nayo ndiyo hayo."

"Unachokisikia ndicho unachokibeba."

"Eh?"

"UNACHOKISIKIA NDICHO UNACHOKIBEBA!"

"Polepole, mwanangu. Kwa sauti."

Masikio akavuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akapaza sauti. Cherehani ya jirani ikanyamaza. Wapita njia wakasimama. Mhasibu, aliyekuwa anakuja na matone meupe mpaka kwenye nyusi kutoa taarifa ya kuta, akajisogeza mlangoni, na mwalimu mstaafu nyuma yake.

"Yaani nikisikia kitu hapa, ndicho hicho hicho ninabeba?" mama aliuliza. "Kwa bei hii iliyoandikwa hapa?"

"KWA BEI HIYO HIYO, MAMA!"

"Uniapie."

"NAAPA MBELE YA WATU WOTE HAWA!"

"Tumesikia!" walijibu watu mlangoni, maana kuitwa mashahidi kunanoga kuliko kuitwa wateja.

Mama akafungua mkoba, akalipa kabla ya kujaribu. Masikio alizitia noti mfukoni huku mwili wote unamsisimka kwa raha. Akaweka santuri kwenye plastiki, akaiwasha, akashusha mkono wake kwa mbwembwe.

"HAYA!"

Magitaa yakajaa chumbani. Nje watu wakaanza kutikisa vichwa. Mama akaweka kiganja juu ya mashine.

"Mbona haitetemeki?"

"NDIYO UBORA WENYEWE, MAMA!"

"Kumbe." Mama akanyoosha kidole kimoja, akauinua mkono wa mashine kutoka kwenye santuri.

Magitaa yakaendelea.

"Basi," Masikio akasema haraka. Muziki ukaendelea. "Basi, basi." Tarumbeta zikaingia. Kijasho chembamba kikaanza kumtoka. "Basi jamani! Basi!"

Mama akachomoa waya ukutani. Taa za rangi zikazimika, sahani ya plastiki ikasimama. Wimbo ukaingia kwenye kiitikio, na mtu mmoja nje akaitikia.

"Huo ni mwangwi," Masikio alisema, akijaribu kucheka. "Mashine bora huacha mwangwi."

"Mpaka ubeti wa pili?" aliuliza fundi cherehani.

"Nimepaka rangi nyumba nzima!" mhasibu akafoka. "Mpaka choo!"

Mama hakuwasubiri. Alikwenda kwenye pazia, akalivuta. Kimya alikuwa ameketi kwenye stuli, mikono juu ya magoti, uso umetulia, na kando yake mashine ya mbao inaimba kwa raha zake.

"Ninachokisikia ni hiki hapa," mama akasema. "Basi."

Kimya akainua sindano.

Masikio akazisukuma mashine za plastiki mbele yake. "Mama, hiyo haiuzwi. Chukua hizi. Chukua mbili. Chukua zote!"

"Umeapa!" wakasema watu mlangoni.

"Hiyo ndiyo..." Akatafuta neno. Hiyo ndiyo duka, ndiyo kesho yake, ndiyo kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho mle ndani, na hakuna hata kimoja kati ya hayo kinachoweza kutamkwa mbele ya mhasibu. Machozi yalimlenga, na safari hii hayakuwa ya biashara. Akainamisha kichwa, akanong'ona ndani ya kola yake, "Kiziwi huyu ameniua."

"Kiziwi nani?" mama aliuliza bila kugeuka.

Masikio akaganda. Yale ya zawadi, yale ya sufuria na mfuniko, yote yakamrudia moja moja.

"Twende, mwanangu," mama akasema.

Masikio, aliyeitwa mwanangu mchana kutwa, akapiga hatua moja mbele.

"Siyo wewe."

"Naam, mama," akasema Kimya, ameshaibeba mashine kifuani.

"Na hilo shati ni siku ya ngapi hii? Nikisafiri kidogo tu, hufui? Hebu tazama kola!"

"Nitafua, mama."

"Utafua lini? Umekonda hivyo, hata kula huli."

Hapo ndipo Masikio alipoelewa. Kila mama mjini huitwa mama, na kila mama humwita kila kijana mwanangu, naye Masikio aliyasikia maneno hayo siku nzima kama mtu anavyosikia honi barabarani. Hakuwahi kufikiri kwamba siku moja ataingia mama wa mtu kweli. Lakini kola ya mtoto wa mwenzako huwezi kuisema namna ile.

"Zile noti baki nazo," mama alimwambia akiwa mlangoni. "Ni za mkanda, kwa kuwa ndio tu uliokuwa umekatika. Kuufunga umefunga vizuri, asante." Kisha akawageukia watu. "Marehemu amefufuka, jamani, tunamrudisha nyumbani. Mnaopenda kusikiliza, karibuni jioni."

Watu wakapisha njia. Mhasibu alimfuata mama kwa hatua mbili, kidole juu, kwa adabu ya mtu mwenye swali moja la mwisho.

"Samahani, mama. Huko kwako, kuta ni za rangi gani?"

"Kijani," mama akasema. "Kwa nini?"

Mhasibu aligeuka polepole, na mwalimu mstaafu akageuka naye, na nyuma yao wengine ambao Masikio alishazisahau sura zao. Mhasibu akaanza kukunja mikono ya shati lake lenye rangi.

"Haya," akasema.

"Basi, jamani," Masikio alisema, akirudi nyuma mpaka kwenye zulia. "Basi, basi, basi!"

Lakini nyuma ya pazia hapakuwa tena na mtu wa kuinua sindano.