Suti ya Inchi Ishirini na Tisa

Jumapili, 3 Agosti
Nimeweka picha mtandaoni, nimevaa fulana nyeupe. Waliopenda: kumi na mmoja. Kinyozi wa duka la jirani kaandika chini eti hongera, mtoto anatarajiwa lini? Watu sitini wamecheka. Sitini! Mchana nilikula nimegeukia ukuta. Imeniuma, sikufichi.
Basi! Jumamosi dada anaolewa, na mimi ndiye wa kumkabidhi badala ya marehemu baba. Simpeleki na kitambi.

Jumatatu, 4 Agosti
Nimempata mkombozi. Mtandaoni anajiita Bwana Bapa, wafuasi laki mbili, kiuno inchi ishirini na tisa. Dawa yake: asubuhi maji ya ndimu, mchana tango, jioni subira.
Mimi ni fundi cherehani, ya nini kungoja? Nimetoa kitambaa cha kijivu alichoniachia baba, kinachotosha suti moja tu. Nimekikata kwa kipimo cha Bwana Bapa. Mwili utafuata! Shangazi, mwenye duka ninaloshonea, kauliza hiyo suti ni ya mwanafunzi gani. Nikamwambia ni ya mteja.

Jumatano, 6 Agosti
Njaa haina adabu. Nimeshonea mfuko wa shati la mteja mgongoni. Shangazi kauliza kama nimerogwa. Nyumbani mama kanipakulia, nikasema nimeshiba. Akanigusa paji la uso, akauliza nani kaniudhi. Nusura nilie.
Kiuno: thelathini na sita. Jumatatu kilikuwa thelathini na sita na nusu. Mambo si hayo!

Alhamisi, 7 Agosti
Siamini! Kaingia dukani Bwana Bapa mwenyewe, suruali mkononi. Anataka ipanuliwe kiuno. Nikampima: thelathini na nane. Nikapima tena. Ileile. Akaninong'oneza kuwa kwenye picha hubana pumzi, kinachobaki hukipunguza kwa simu, na nimsitiri kwa kuwa ndiyo riziki yake. Kisha akatoa mkate mfukoni, akaula upesi upesi, amegeukia ukuta. Nilimwonea huruma kweli.
Mwingine angekata tamaa. Mimi nimeipata siri: kubana pumzi!

Jumamosi, 9 Agosti
Suti imeingia. Kutoka mlangoni hadi kwa bwana harusi ni hatua ishirini. Nilibana pumzi, nikamshika dada mkono, nikatembea. Ya kumi na nne, giza.
Nilipozinduka nilikuwa sakafuni. Suruali imepasuka nyuma yote, na kifungo kimempata kinyozi kwenye paji la uso. Mungu si Athumani! Lakini kitambaa cha baba ndio basi tena, na nilitamani ardhi inimeze.
Dada alikuwa amepiga magoti na gauni lake jeupe. Nilijua ananigombeza. Akauliza nimekula lini. Nikamuuliza, chakula au tango? Akaangua kilio. Akanifunga mtandio wake kiunoni, akaniambia baba alikuwa na tumbo kunishinda, na kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa hapati usingizi mpaka alilalie tumbo hilo. Nikalia na mimi, mbele ya wakwe. Hatua sita zilizobaki tulikwenda tumeshikiliana.
Nimekula sahani tatu. Nimeapa: mambo ya vipimo basi!

Jumapili, 10 Agosti
Kinyozi kaweka video ya nilivyoanguka. Nikajua nimekwisha. Kumbe watu wananipenda! Eti kaka kama huyu ni wa kutunzwa, eti amenikumbusha baba yangu. Maoni mia tatu, nimeyasoma yote, ya upendo mtupu.
Isipokuwa moja. Mtu nisiyemjua kauliza huyu jamaa shingo yake ameiacha wapi.
Nimekaa mbele ya kioo saa nzima. Mama kaniita mezani mara mbili. Nimemwambia nimeshiba.
Shingo yangu ni inchi kumi na sita. Kola ya shati jipya nimeshaikata. Kumi na tatu.