Semina ya Maadili Niliyoihudhuria Nikiwa Ziwani

Jumatatu, 3 Februari

Barua pepe ya chama cha wapima ardhi imefika tena. Nimebakiza saa za masomo ya maadili tu. Nisipozipata kabla mwezi haujaisha, leseni inalala, na mpima asiye na leseni muhuri wake ni pambo la meza. Na sasa hivi kaunti inataka mipaka ya viwanja vyote vya kuzunguka ziwa letu ipimwe upya. Kazi ya ndoto! Ikinipita itamwangukia Verlyn Strand wa ofisi ya ng'ambo ya barabara, aliyemaliza masomo yake tangu kiangazi. Leo mgahawani ameniuliza, kwa upole wake ule, kama bado niko darasani. Watu wakacheka. Nikaagiza kahawa nyingine.

Semina ni Alhamisi, hotelini, mjini Duluth, kutwa nzima. Na wiki hii samaki wanakula ndoano ajabu. Haki iko wapi?

Jumanne, 4 Februari

Nimepata! Mlangoni wanakagua beji, hawakagui sura. Asubuhi ukiingia, jioni ukitoka, basi. Shemeji yangu Duane Pietila, kaka wa mke wangu Arlette, fundi bomba mstaafu, ataivaa beji yangu. Alikataa katakata mpaka aliposikia chakula cha mchana ni nyama ya kuoka, tena ya bure.

Jioni nimempa mafunzo. Akiulizwa chochote, alalamike kwamba vyuma vya mipaka vya zamani havionekani tena, na kwamba vijana wa siku hizi bila setilaiti hawawezi kupima hata meza. Duane akasema mbona hayo rahisi, mafundi bomba nao hulalamika hivyohivyo. Arlette alikuwa anatusikia. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu Duluth kwenyewe si mbali.

Alhamisi, 6 Februari

Baridi kali, jua zuri. Nimetoboa barafu ya ziwa, nikatumbukiza ndoano, nikakaa juu ya ndoo. Nimepata samaki mmoja, mdogo kama kidole, nikamrudisha kwa mama yake. Raha tupu hata hivyo! Nikawahurumia wenzangu waliofungiwa hotelini.

Jioni Duane karudi kabeba hema jipya la kuvulia kwenye barafu. Kumbe mwisho wa semina walichezesha bahati nasibu, sharti moja tu: jina likiitwa, mwenyewe uwepo. Likaitwa langu. Duane akaenda mbele, ukumbi ukampigia makofi. Nikamwambia jina ni langu, kwa hiyo hema ni langu. Akasema weee, aliyekalia kiti kutwa nzima akisikiliza maadili ni nani? Tukabishana mpaka chakula kikapoa.

Nikamwuliza tiketi kachomoa nani. Mzee mmoja mwembamba, akasema, ana sharubu, mpole sana. Alimpa mkono akamwambia, "Hongera, Gordon. Naona umepungua, na nywele zimerudi."

Verlyn! Nimekaa kwenye ngazi.

Ijumaa, 7 Februari

Naogopa, sifichi. Kupima ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Verlyn kaja kukaa meza yangu mgahawani. Hakutaja Duluth hata kidogo. Kazungumzia theluji. Watu wa huku wakikukasirikia hukuzungumzia hali ya hewa, na leo ameizungumzia mpaka ya wiki ijayo. Nikaona nijiokoe. Nikamweleza kwamba Alhamisi nilishikwa na homa kali iliyonikondesha ghafla, ila nimepona na mwili umerudi. Akakoroga kahawa yake. Akaniuliza, na zile nywele?

Jumamosi, 8 Februari

Verlyn kaja nyumbani. Arlette kampa sahani ya viazi na nyama, na mimi kanipa jicho.

Kumbe yumo kwenye kamati ya elimu ya chama. Kasema hatanifikisha kwenye bodi ya leseni iwapo nitawaandikia chama mwenyewe wafute saa zile, kisha nisome maadili upya mtandaoni, mimi mwenyewe, kabla ya mwezi kuisha. Nikamwuliza yeye anapata nini. Akasema kazi ya ziwa ni kubwa, magoti yake hayawezi tena theluji, na alishapeleka kaunti jina langu pamoja na lake. Tangu Januari! "Wewe mpima hodari, Gordon," akasema. "Ukiwepo."

Macho yakanilowa. Nikasingizia moshi wa jiko. Jiko letu ni la umeme.

Jumapili, 9 Februari

Saa za Duluth zimefutwa, nimeandika mwenyewe. Nimeanza masomo kwa moyo mweupe. Kompyuta inanitazama kwa kamera, na kila baada ya kitambo inauliza kama bado nipo. Nipo! Verlyn hatajuta.

Mfano wa kwanza: mwanachama alimtuma mtu mwingine kwenye semina kwa jina lake. Akagundulika, leseni ikaenda. Swali: alikosea wapi?

Nimelitafakari sana swali hili, kwa utulivu, kama mtu mzima. Jibu liko wazi. Alimtuma mtu asiyefanana naye.

Binamu yangu Curtis wa Bemidji tumefanana mpaka pua. Nimempigia simu, kakubali. Kesho atakaa hapa mbele ya kamera. Nimeshamtolea sweta langu.