Magome ya Mama Mkwe na Rangi Mbili

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Kinole, ukweni. Mama mkwe, Bi Mwanvita, amewapaka watu magome ya mti wake kwenye vidonda miaka arobaini. Sasa anataka maabara ya chuo imwambie kama kweli yanaua vijidudu au vidonda vilikuwa vinapona vyenyewe. Yakishindwa anaacha, kasema. Huku anajifuta machozi kwa kanga.

Mti uko kwenye ardhi ya ukoo wao. Kwa hiyo shemeji Mwinjuma anabandua, mimi mkwe nashika kikapu. Miaka ishirini nashika kikapu! Kabandua upande wa mawio, kabandua upande wa machweo, kisha ananiambia, "Shika vizuri, shemeji, usimwage." Mbele ya wanangu!

Kupeleka mjini nimepewa mimi. Mwinjuma anaogopa maswali ya wasomi.

Jumanne, 4 Novemba
Nyumbani, Mwembesongo. Nimekausha, nimetwanga, nimeonja. Chungu, lakini chungu cha kawaida. Roho haitulii. Yakishindwa je? Mama atanyong'onyea, na Mwinjuma atasema aliyebeba ndiye kaharibu. Nimezunguka uani mpaka kuku wamenizoea.

Nakiri hapa, maana mke wangu Zuhura hawezi kusoma mwandiko wangu. Nimenunua vidonge vitatu vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria. Nimevifungua, unga wake nimeumwagia kwenye magome yaliyotwangwa. Kusaidia tu. Kama chumvi kwenye mboga.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekabidhi kwa Daktari Anastasia wa maabara ya chuo. Ananiangalia kama mama anayechagua nyanya. Kauliza kama nimechanganya kitu. Nikaapa ni magome na jasho langu. Jasho! Kaandika.

Kanieleza kazi yao. Vijidudu vinaoteshwa kwenye kisahani, katikati kinawekwa kikaratasi kilicholowa dawa. Dawa ikiwa kali vinakufa, linabaki duara tupu. Nikauliza duara likiwa kubwa sana kuna cheti? Hakuna.

Jumanne, 11 Novemba
Duara kubwa! Kubwa kuliko la dawa ya hospitali waliyoweka kulinganisha! Daktari hakucheka. Kasema bado kipimo cha kemikali. Sikungoja, nikampigia Mama. Vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mwinjuma kaomba simu, kaniita "kaka". Kaka! Nimekula chipsi mayai, nikaongeza mishikaki.

Ijumaa, 14 Novemba
Balaa. Kemikali iliyoonekana ni ya dawa ya dukani. Na kwenye chujio wamekuta kipande cha ganda jekundu la kidonge. Daktari kampigia Mama mbele yangu, simu kaifungulia spika.

"Shikamoo, bibi. Eti, mti wako unazaa vidonge?"

Kisha Mama, taratibu: "Hashimu, baba, mimi nilitaka kujua tu. Sasa sijui tena."

Bora angenitukana. Nikapiga magoti palepale sakafuni, nikasema yote. Nyuma ya simu namsikia Mwinjuma: "Si nilisema ashike kikapu tu!"

Daktari atapima magome mapya mara moja tu ya mwisho. Yakichezewa tena, basi, faili linafungwa.

Jumapili, 16 Novemba
Kinole. Nimemwomba Mama radhi mbele ya ukoo mzima. Kaniwekea mkono kichwani, kasema yamekwisha. Nimelia kweli. Mwinjuma kabandua, kafunga mfuko kwa kamba, mafundo manne. Nimeshika kikapu kwa adabu, sikunung'unika. Nimekoma. Wallahi nimekoma. Mimi mtu mpya.

Jumatatu, 17 Novemba, asubuhi
Daktari ananisubiri saa nne. Nimefungua mafundo ya Mwinjuma, kuangalia tu kama hakuna ukungu. Ukungu hakuna. Lakini harufu! Dhaifu mno. Kijidudu gani kitaogopa harufu hiyo? Nimemfikiria Mama, roho ikaniuma.

Kitunguu swaumu si dawa ya dukani, kinaota shambani kama mti wenyewe. Nimeweka punje sita tu. Na safari hii nimemenya vizuri, hakuna ganda hata moja.