Mwavuli Mdogo wa Mjomba

Jumatatu, 18 Novemba 1996

Nimekasirika tangu asubuhi na hakuna aliyegundua. Hilo nalo limenikasirisha.

Jana Hozefa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Geita mjini, aliruka kutoka kwenye ndege na mwavuli mpya wa njano. Mdogo. Alishuka kama mwewe aliyeona kifaranga, akapita juu kidogo ya vichwa vyetu, akasimama wima karibu na jiko la kambi. Watu wakapiga makofi. Mjomba Donatus alikuwa ametangulia kushuka na mwavuli wake mkubwa wa kijani, taratibu, salama, kama mtu anayeteremka ngazi. Hakuna aliyempigia makofi. Jioni hakumaliza ugali.

Mjomba ni dereva wa kambi ya watafiti wa dhahabu hapa Rwamgasa. Zamani alikuwa mwanajeshi wa miavuli. Jumapili, ndege ndogo ya kambi ikiwa haina safari, rubani huwapandisha yeye na Hozefa, nao hujitupa. Wenyewe wanaiita burudani. Mimi nimetoka Tinde kuja kukaa kwake nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, na ndiye ninayemkunjia mwavuli. Alinifundisha mwenyewe. Nyoosha kila kamba. Funga kila mkanda. Kagua. Kisha mtu mwingine akague tena. Nilikuwa kiranja wa usafi shuleni, maagizo nayaheshimu. Yeye hafuati hata moja katika aliyonifundisha. Anafungua mwavuli akiwa karibu kabisa na ardhi ili watoto wapige kelele. Anasema sheria ni za wanafunzi.

Leo kaja na mwavuli wa bluu, ameuazima kwa Hozefa. Nimeutandaza sebuleni. Ule wa kijani hutoka mlangoni ukafika uani. Huu umeishia kwenye meza ya redio. Mjomba ana kilo tisini na sita. Ataruka nao Jumapili ya tarehe mosi, wakubwa wa kampuni watakapokuja. Mtu mzito, mwavuli mdogo, mbio nyingi, ardhi ngumu. Hata aliyeshindwa hesabu anaweza kujumlisha.

Nikaamua kumwambia atakufa. Nikaingia, nikamwamkia. Akaniita kwa jina, marahaba Sikujua, kuna nini? Nikasema chai tayari.

Chai haikuwa tayari. Ikabidi nikaichemshe.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwendea mkewe, Mama Masele. Nilitegemea machozi. Akaniambia alimpata huyu bwana akiwa bado anaruka na bunduki mgongoni, na hofu yake yote ilikwisha kabla Masele hajazaliwa. Akanipa mchele nichambue.

Basi nikaomba lifti ya gari la kambi kwenda kwa Hozefa mwenyewe. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi yangu. Nilisahau jambo moja: dereva wa gari la kambi ni Mjomba. Akaingia nami dukani. Hozefa akaniuliza, nikusaidie nini dada? Nikanunua misumari nusu kilo. Ya inchi nne. Nyumbani hatuna cha kupigilia.

Hozefa akamtazama Mjomba akicheka. Akamwambia, mzee wangu, kama ule wa bluu unakutisha, usione haya, turubai ninazo, nakupimia sasa hivi. Mjomba akacheka sana, zaidi ya ilivyostahili. Sasa hata akitaka kuacha hawezi. Na aliyempeleka pale ni mimi.

Jumatano, 20 Novemba

Wazo limepatikana bombani.

Mama Maduhu alikuwa akisubiri ndoo yake ijae. Kapanda pamba, mbegu ziko ardhini zinasubiri, mbingu imekauka kama sufuria. Akasema mbula, yaani mvua, imekataa mwaka huu. Halafu akanitania: na huyo mjomba wako anafungua mwavuli kila Jumapili mvua yenyewe haijanyesha, anajikinga na nini?

Wanawake wakacheka. Mimi nikasema, kwa sauti ndogo sana, "Labda ndiyo sababu."

Wakaacha kucheka.

Sikudanganya. Labda si uongo. Sasa wakulima watalalamika kwamba mwavuli unafunga mvua, kambi itaona aibu, kuruka kutapigwa marufuku, Mjomba ataishi. Nami sikulazimika kugombana na mtu. Nashangaa watu wanaopayuka wanapata faida gani.

Ijumaa, 22 Novemba

Siamini.

Wakulima wamekuja. Wamekaa kwenye viti vyetu, wakanywa uji wetu. Mama Maduhu akazungumza kwa niaba yao. Akasema hawana ugomvi na kuruka. Watoto wanapenda, na siku za wageni kambi inagawa soda. Ombi lao ni moja: mwavuli mkubwa unaziba mbingu nyingi. Wamesikia upo mdogo. Basi atumie mdogo.

Mjomba akasimama. Akaweka mkono kifuani. Akasema yeye ni mtumishi wa wananchi, na kama wananchi wamependa mdogo, atatumia mdogo. Machozi yalimlengalenga. Uongo mtupu! Wiki nzima alikuwa akitafuta mtu wa kumpa sababu.

Mama Maduhu alipokuwa akitoka akanishika shavu, akaniita ng'wanone, yaani mwanangu, akasema wazazi wangu wamezaa mtoto mwenye akili.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimekwenda kwa wachimbaji. Hawa mvua hawaitaki kabisa. Ikinyesha, maduara yao, yaani yale mashimo wanayochimbia dhahabu, yanajaa maji na kingo zinaporomoka. Kwa hiyo ni lazima wautake mwavuli mkubwa. Sijui kwa nini sikuanzia hapo.

Tatizo ni kusema na wanaume hamsini. Nikamtumia Agnetha, anayewauzia chai na maandazi. Tuna umri mmoja, ila Agnetha akinong'ona husikika hadi barabarani. Simpendi. Kila tukiwa pamoja watu huniuliza mimi swali akajibu yeye. Lakini leo ana kazi. Nikamwambia tu kwamba wakulima wanasema mwavuli mkubwa unafunga mvua na mdogo unaiachia. Ni kweli, wanasema.

Kabla ya jioni mwenye duara kubwa, Marselino, alikuwa uani kwetu na vijana wake na jogoo. Shikamoo mzee. Marahaba. Mzee, tumekuja kwa unyenyekevu, tunaomba lile likubwa. Duara likijaa maji sisi tutakula mawe? Mjomba akasema ameshawaahidi wakulima. Marselino akasema, mzee, wakulima wamekuletea jogoo?

Jogoo amefungwa kwenye mguu wa meza ya redio. Anautazama mwavuli wa bluu kwa dharau. Namuunga mkono.

Jumatatu, 25 Novemba

Mkutano, mbele ya ofisi ya kijiji. Wakulima upande mmoja, wachimbaji upande mwingine, Mjomba katikati kama bwana harusi. Wakaanza kutupiana maneno. Wachimbaji wakawaita wakulima wavivu wa kumwagilia. Mama Maduhu akawauliza wao ugali wanaokula huchimbwa kwenye duara la nani.

Mwenyekiti akagonga meza. Akataka kujua nani kaanzisha maneno haya ya mwavuli kufunga mvua. Nilitamani ardhi inimeze. Mama Maduhu, ambaye hajui kuficha, akasema wazi, "Sikujua."

Mwenyekiti akasema, mama, kama hukujua basi tusipoteze muda.

Mara ya kwanza maishani nimemshukuru baba kwa jina hili.

Lakini uamuzi sasa. Mwenyekiti amesema serikali ya kijiji haibagui. Siku ya wageni Mjomba ataruka mara mbili. Kwanza na mwavuli mdogo, kwa ajili ya wakulima. Kisha apande tena aruke na mkubwa, kwa ajili ya wachimbaji. Pande zote zikapiga makofi.

Mara mbili. Alikuwa aruke mara moja. Mimi nimemuongezea.

Jumamosi, 30 Novemba

Mpango wa mwisho: kukunja polepole. Mwavuli wa bluu usipokuwa tayari hautarukiwa. Nimeukunja, nikasema mkunjo wa pembeni haunipendezi, nikaufungua. Nikaukunja. Nikaona kamba imejisokota, nikaufungua. Mjomba akachoka kungoja. Akauchukua akaukunjia nje kwenye mchanga, akipiga soga na rubani, mkono mmoja una kikombe cha chai. Hata kukagua hakukagua. Nikasema, Mjomba. Akasema naam. Nikasema kuna mchanga. Akanijibu kwamba alianza kuruka kabla mama yangu hajajua kama nitazaliwa.

Hilo ni jibu la nini? Mchanga unajali?

Jumapili, 1 Desemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Uwanja wa ndege wa kambi ulijaa. Wakubwa wa kampuni chini ya hema, makreti ya soda mbele yao. Mjomba akavaa mwavuli wa bluu, akaanza kuelekea kwenye ndege. Wakulima wakamsimamisha kumpa mkono. Akafunga mkanda wa kifuani akisalimiana nao. Akafunga wa paja la kulia. Wachimbaji wakamwita, mzee usitusahau na letu, akageuka kuwapungia. Akaendelea kutembea.

Mkanda wa paja la kushoto ulikuwa unaning'inia.

Nilimsubiri aone. Nikamtazama Hozefa aone. Hozefa alikuwa akipanga nywele. Rubani akawasha injini. Huko juu mwavuli ukifunguka unamkamata mtu kwa nguvu, na mtu asiyefungwa paja anaweza kuchomoka. Alinifundisha yeye. Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Umati wote ule, na wageni, na mimi.

Nikakimbia. Sijawahi kukimbia mbele ya watu tangu darasa la tatu. Nikaushika ule mkanda kwa mikono miwili nikauvuta kama mtu anayezuia ng'ombe. Mjomba akayumba. Uwanja mzima ukacheka. Agnetha akauliza, na kila mtu akasikia, mwenzetu anataka kupanda naye?

Mjomba akaangalia chini. Akauona. Uso ukabadilika rangi. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena, akakagua na ule mwingine. Kisha akainua kichwa akawatangazia watu kwamba aliuacha makusudi, kumpima mpwa wake kama yu macho.

Wakampigia makofi. Yeye!

Akaruka. Akafungua chini kama kawaida yake. Ule wa bluu haukushuka, ulianguka kwa adabu kidogo. Miguu ilikimbia, ardhi ikakimbia zaidi, akapita kwenye shamba la karanga kwa tumbo akakomea kwenye makreti ya soda. Kifundo cha mguu kimetenguka. Akainua ngumi juu. Makofi mengi kuliko ya Hozefa.

Marselino akasema, bado letu. Mjomba hakuweza kusimama, basi Hozefa akavaa ule mkubwa wa kijani. Mimi nikatulia. Mwavuli salama kabisa, siku zote nimesema. Wakati huo upepo ulikuwa umeinuka. Hozefa ni mwembamba. Mwavuli ukamchukua kinyumenyume kama karatasi ya maandazi, ukampitisha juu yetu, juu ya barabara, ukampeleka hadi kwenye dimbwi la wachimbaji la kuoshea mchanga wa dhahabu. Alirudishwa kwa baiskeli, akiwa wa kijivu kwa tope mwili mzima. Mjomba akasema ndiyo maana mkubwa hauvaliwi na mtu mwepesi kwenye upepo, alishaniambia. Sikumbuki kuambiwa. Kama aliniambia, alisema haraka.

Jioni ikanyesha. Mvua ya kweli, ya kulaza majani.

Jumanne, 3 Desemba

Pamba itaota. Wakulima wamekata shauri: mwavuli mdogo kila Jumapili hadi mavuno. Nilimwambia Mama Maduhu kwamba huenda ni mawingu tu. Akaniambia nisibishane na kitu ambacho kijiji kizima kimekiona. Wachimbaji wanatoa maji kwa ndoo na Marselino amekuja kumchukua jogoo wake.

Mjomba aliniita. Mguu ulikuwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Hakutania. Alisema hakuwa akinipima. Aliona aibu mbele za watu. Alisema jeshini walimzika mwenzao kwa sababu ya mkanda kama ule, mtu aliyekuwa ameruka mara nyingi kuliko wote, na yeye alishika jeneza, na bado juzi kidogo asahau. Akanishika mkono. Akasema kuanzia sasa hakuna anayepanda ndege, yeye wala Hozefa, kabla mimi sijamkagua kwa macho, nikashika kila mkanda kwa mkono, halafu nikasema "sawa" kwa sauti. Kwa sauti, Sikujua, ili anayeruka asikie na rubani asikie. Ukiona kosa, usimzungukie mtu kwa wakulima. Sema.

Nililia kidogo. Hatimaye mtu katika kambi hii anachukulia mambo kwa uzito. Nami kazi hii nitaifanya bila mchezo, si kama wao waliozoea.

Kuna shida ndogo tu ya kusema kwa sauti. Nimeitatua. Kushika mikanda nitashika mimi, na "sawa" atasema Agnetha, maana sauti anayo na rubani atamsikia hata injini ikiwaka. Amekubali. Ila Jumapili za kawaida, zisizo na wageni, saa ya kuruka anakuwa na maandazi motoni, hawezi kuja uwanjani. Basi tumepatana apite kwetu asubuhi akienda sokoni, aiseme hapo mlangoni, kabla Mjomba hajavaa. Ni utaratibu mzuri kabisa. Wakifika kwenye ndege, sawa itakuwa imeshasemwa na hakuna atakayecheleweshwa.